Mwaka Niliolinda Mto

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Ouma nyumbani kwao, upande wa ziwa, na ulipofika wakati wa watu kumwelezea marehemu, Kamau alisimama akachukua kipaza sauti. Kamau ndiye aliyekuwa akiendesha pampu yetu ule mwaka tulipobadilisha paipu za maji kwenye tambarare iliyo chini ya Longisa. Amenenepa sasa, ana duka la vifaa vya ujenzi Londiani, na bado anajua kuchekesha watu. Alisimulia siku mto ulipokuja. Aliigiza jinsi nilivyokimbia, mkono mmoja umeshika sketi na mdomo umeachama, na jinsi wanaume wazima walivyonifuata mbio wakiwa na matope mpaka masikioni, marehemu akiwa mbele yao na kofia yake ya plastiki imegeuka nyuma. Waombolezaji walicheka. Hata mjane alicheka, akajifuta macho. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya hema na chupa ya soda mkononi, na nikaona soda inanimwagikia magotini. Mama aliyeketi karibu nami aliniuliza kama nina malaria. Nilisema ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Kamau hakudanganya popote. Ila aliacha hofu nje ya hadithi yake, na mimi mwaka ule sikuwa na kitu kingine.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimechuma chai kama kibarua kwenye vilima vya Kericho mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa, na vibarua tukaambiwa tupumzike. Nikasikia kwamba huko chini wanatafuta watu wa kuchimba mtaro wa maji, na kwamba wanachukua wanawake pia. Nilishuka na begi moja. Nchi ile ilinishangaza. Kwetu ni kijani mpaka kwenye mawingu na baridi inakuamsha. Kule chini ni miti ya miiba, ng'ombe, udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunata kama gundi wakati wa mvua. Paipu za zamani zilikuwa za chuma. Kila mafuriko yalikuwa yamezifukua kidogo, yakazipinda, yakazivunja, mpaka mahali pengine zilikuwa zinaning'inia hewani na watoto wanabembea. Maji hayakuwa yamefika kwenye mifereji ya watu kwa muda mrefu. Walikuwa wanakunywa mto, pamoja na ng'ombe, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyewahi kulazwa kwa sababu ya tumbo. Sisi tulikuja kuzika paipu nyeusi za plastiki, chini zaidi, mahali ambapo mto haungeweza kuzifikia. Sehemu ngumu ilikuwa moja tu: pale ambapo paipu ilibidi ipite chini ya mto wenyewe.

Nilipangiwa chumba kwa Mama Kiprono, kwenye kilima kidogo kilicho pembeni mwa tambarare, karibu na kanisa la mabati. Kilikuwa chumba cha udongo kilichopakwa vizuri, kitanda cha mbao, msumari wa kutundika nguo, na ukuta uliokatika kabla ya kufika juu, hivi kwamba moshi na maneno ya jikoni vilikuja kwangu bila kuzuiwa. Usiku wa kwanza nilikula kimyet, ugali wa kwetu, na mboga ya isakek, nikasema asante, nikaingia kulala. Nikawasikia wakiongea, yeye na kijana wake Kiprono, ambaye naye alikuwa ameandikwa kazi kwenye mtaro.

"Huyu msichana ni mgonjwa?" Kiprono aliuliza.

"Ni mpole."

"Mama, upole ni kitu kingine. Nimemuuliza jina, midomo ikaenda, hakuna kitu kilitoka."

"Wewe ongea kidogo, atapata nafasi."

"Nikinyamaza mimi, hii nyumba si itakuwa kaburi?"

Mama Kiprono alicheka, nikasikia sufuria ikifunikwa. Nilivuta blanketi mpaka machoni. Sikuwa nimekasirika. Alikuwa amesema ukweli. Tangu nikiwa mdogo, nikitaka kusema kitu mbele ya watu, koo linabana kama mtu amelishika kwa vidole viwili. Shuleni mwalimu alichoka kuniuliza maswali. Kwenye chai hilo halikuwa tatizo, kwa sababu majani hayaulizi kitu. Niliamini kuchimba mtaro kungekuwa vivyo hivyo.

Tulichimba wiki nyingi bila shida, mgongo ukiuma na mikono ikiota sugu. Paipu za kuvukia mto zilichelewa kuletwa. Zilipofika, mvua ndefu zilikuwa zimekaribia, na injinia alitaka mto uvukwe kabla hazijaanza. Mpango ulikuwa kuziba nusu ya mto kwa mifuko ya mchanga, maji yapite upande mmoja, sisi tuchimbe sakafu upande wa pili, kisha tubadilishe upande. Nilimsikia Fundi Ouma, msimamizi wetu, akibishana naye nyuma ya gari, kwa sauti ya chini. "Injinia, watu wangu watakuwa ndani ya shimo, na shimo liko ndani ya mto. Ukielewa hiyo, ongea na mimi juu ya haraka." Injinia alisema wiki chache tu. Fundi alisema mto hausomi kalenda. Lakini asubuhi iliyofuata tulianza, kwa sababu pia alikuwa amewaona watoto wakichota maji pale ng'ombe walipokuwa wamesimama.

Alitukusanya ukingoni. Fundi Ouma alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo, na alipenda kueleza jambo mara moja tu.

"Hapa mto haukuji na mvua ya hapa," alisema. "Unakuja na mvua ya kule." Akaonyesha vilima vyetu vya chai, ambavyo kwa mbali vilikuwa mstari wa bluu. "Jua linaweza kuwa linakuchoma kichwa na maji yako njiani yanakuja kukuua. Simu hapa chini hazishiki. Nataka mtu akae pale kwa kona, juu ya kile kichuguu, aangalie. Akiona maji, atuambie, tutoke twende kwa kile kilima cha kanisa."

"Apewe firimbi," mtu mmoja alisema.

"Vijana wa ng'ombe wanapiga firimbi hapa kutwa. Nani atajua hii ni ya maji na hii ni ya ndama?"

"Na pampu yangu ikinguruma," Kamau alisema, "hata malaika akipiga tarumbeta, nyinyi mtaachwa."

"Kitu kimoja tu kinapita pampu," Fundi Ouma alisema. "Nduru ya mwanamke."

Wote waligeuka wakaniangalia. Kwenye kikosi kile nilikuwa mwanamke peke yangu. Wenzangu wawili walikuwa wameacha kazi kwa sababu ya mgongo. Fundi aliniuliza jina. Nikamwambia. Akaniuliza tena.

"Anaitwa Chebet," Kiprono alisema. "Fundi, huyo akiongea unafikiri ni mlango umelia."

Walicheka sana. Fundi Ouma hakucheka. Alisema, "Nduru haitoki mahali maneno yanatoka. Chebet, utakaa kwa kichuguu." Basi ikawa hivyo, na mimi ambaye sikuweza kuomba chumvi mezani nikapewa roho za wanaume wote wale, nizilinde kwa mdomo.

Jioni ile nilimwomba Mama Kiprono ruhusa niende nyuma ya zizi, nijaribu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuomba kwanza, ili kuomba kwenyewe kusinishinde. Aliacha kusonga ugali.

"Kujaribu nini?"

"Nduru, Mama."

"Una wazimu? Nduru haijaribiwi. Ukipiga, watu watakuja. Watatoka huku, watatoka ng'ambo, na rungu na pinde. Utawaambia nini? Kwamba ulikuwa unaonja?"

Kiprono, ambaye alikuwa anakunywa maziwa mlangoni, alifurahi. "Mwambie ya Kamba."

"Kuna mtu hapa aliona kamba kwa nyasi," Mama Kiprono alisema, "akadhani ni nyoka, akapiga nduru. Watu waliacha kila kitu. Kuna mwanamke aliacha uji motoni ukaungua na chungu chenyewe. Kufika, ni kamba. Ilibidi achinje mbuzi wawili watu wapate kula, ndipo hasira iishe."

"Na mpaka leo anaitwa Kamba," Kiprono alisema. "Mke wake ni Mama Kamba. Watoto wake wanaitwa nyuzi."

Nilicheka nao. Nilijua hayo yote, kwetu pia ni hivyo. Mtu akisikia nduru haulizi ni ya nani wala ni ya nini. Miguu inaenda yenyewe. Ndiyo sababu huwezi kuichezea. Lakini sasa ilimaanisha kwamba sitajua kama sauti yangu ipo mpaka siku ile ambayo isipokuwepo watu watakufa.

Kichuguu kilikuwa kikubwa, kigumu kama saruji, na kutoka juu yake niliona pande zote mbili. Upande wa juu mto ulitoka kwenye upenyo mwembamba kati ya miamba, ukapinda, ukafika kwangu. Upande wa chini niliona mifuko ya mchanga, pampu ya Kamau ikitema maji ya kahawia, paipu nyeusi iliyokwisha kuunganishwa ikiwa imelala kwenye nyasi kama nyoka wa hadithi, ncha zote mbili zimezibwa ili vyura na matope visiingie, na vichwa vya wanaume vikionekana na kupotea ndani ya mtaro. Nyuma yangu ilikuwa tambarare, na mwisho wa tambarare kile kilima cha kanisa. Nilikaa pale kuanzia asubuhi. Nilijifunza mto kama mtu anavyojifunza uso wa mtu asiyemwamini. Nilijua jiwe lipi liko nje na lipi limelowa. Mchana mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya vilima vya chai, meusi, na niliyaona yakishuka na kufunika kila kitu. Niliwafikiria wale ninaowajua kule juu, wakijifunika mifuko ya plastiki na kuchuma, wakifurahi kwa sababu majani mapya yatatoka. Nami pia nilikuwa nimefurahia mvua hiyo miaka yote, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza inaenda wapi ikishatoka kwetu.

Siku moja maji yaligeuka rangi. Yalikuja kahawia, mazito, na povu juu. Nilisimama. Nilifungua mdomo, na vile vidole viwili vikashika koo. Sikuweza kutoa hewa wala kuingiza. Nakumbuka nikitazama jiwe langu, nikisubiri lizame, na kwa sehemu ndogo ya moyo nikiomba lizame ili nijue. Halikuzama. Baada ya muda ng'ombe walitokea kwenye kona, kundi kubwa, wakitembea ndani ya maji, na kijana nyuma yao akipiga firimbi. Niliketi chini. Kiprono ndiye aliyeniletea chakula mchana ule, ugali na maharagwe kwenye mfuniko wa sufuria, akaniona.

"Umekuwa rangi ya majivu. Ni nini?"

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu wa kunicheka. Labda kwa sababu sauti ya pampu ilikuwa mbali na hapakuwa na mtu mwingine. Nilisema naogopa kwamba siku ikifika haitatoka.

Hakucheka. Alikaa kwenye ubavu wa kichuguu, akachuna nyasi, akaitafuna. "Skiza," alisema. "Hata ikitoka kidogo, mimi nitasikia. Mimi nimezaliwa hapa, masikio yangu yanajua. Wewe anza tu. Kabla hujamaliza nitakuwa nimefika hapa. Kwa mbio hakuna mtu wa huku ananishinda, uliza mtu yeyote."

"Kweli?"

"Kweli. Wa kwanza kufika atakuwa mimi."

Nilifarijika. Nilikula chakula chote, nikaanza hata kungoja mchana kwa sababu ya mazungumzo hayo. Leo nikikumbuka tulivyokaa pale, yeye akiahidi na mimi nikishukuru, nywele zinanisimama. Kila mtu kwenye kazi ile alikuwa amefikiria jinsi nduru itakavyosikika. Fundi Ouma alikuwa ameifikiria, na Kamau, na Mama Kiprono, na injinia kwa Kiingereza chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria watu hufanya nini wakiisikia.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa kali na upepo mdogo ulitoka tambarare. Upande wa pili wa mto ulikuwa umebaki kidogo kumalizika, na wanaume walikuwa wanaimba kwenye mtaro, jambo ambalo walifanya wakiona mwisho wa kazi. Mawingu yalikuwa juu ya vilima, lakini yalikuwa huko kila siku. Kwanza ndege walinyamaza. Kisha nikasikia kitu kama lori likipanda mlima, mbali. Nilitazama barabara. Hakukuwa na lori. Nilipogeuka tena, kule kwenye upenyo wa miamba mto ulikuwa umesimama wima. Sina njia nyingine ya kulisema. Ulikuwa ukuta, na ndani ya ukuta mlikuwa na miti mizima, na rangi yake ilikuwa ya chai iliyotiwa maziwa.

Fundi Ouma alikuwa amesema kweli. Haikutoka mahali maneno yanatoka. Sikufungua mdomo, ulifunguliwa. "Wuuui! Wuuui! Wuuui!" Niliisikia kama ya mtu mwingine aliyesimama ndani ya mifupa yangu, na ilinitisha karibu kama maji. Kule chini niliona vichwa vikitoka, mabega, miguu. Pampu ilizimwa. Walitoka wote, na niliwaza: Mungu wangu, imetosha, wametoka. Kisha nikaona wanakuja.

Walikuwa wanakuja kwangu. Walikuwa wameshika sepeto na sururu, na walikuwa wanakimbia kandokando ya mto, kuelekea juu, moja kwa moja kwenye maji ambayo hawakuyaona kwa sababu ya kona. Sio wao tu. Kutoka kwenye nyumba za tambarare wanawake walikuwa wanatoka na majembe, wazee na fimbo, vijana wa ng'ombe wameacha ng'ombe. Fundi Ouma mwenyewe, ambaye ndiye alitoa amri kwamba nikipiga watoke waende mlimani, alikuwa anakuja na nyundo mkononi. Miguu ilikuwa imeenda yenyewe. Nilipunga mikono, nikawaonyesha warudi. Waliona msichana anapunga mikono, wakaongeza mbio.

Kunyamaza sikuweza, walikuwa wameshaanza na wangekuja tu. Sijui wazo lilitoka wapi. Sikuwaza, nilishuka tu kwenye kichuguu, nikageuza mgongo kwa mto, na nikakimbia kuelekea kilima cha kanisa huku nikipiga. Leso niliyokuwa nimejifunga kiunoni ilikamatwa na mwiba, nikaiacha. Nilipiga nduru kwa kila hatua mpaka nikaonja damu. Na nilipotazama nyuma niliwaona wanapinda. Wale wa tambarare walipinda, na wale wa mtaro, wote kama kundi la ndege, wakiifuata sauti mahali ilipokwenda, wakiacha mto. Maji yalitoka kwenye kona nyuma yao. Wa mwisho walifika mlimani yakiwa yamewafika magotini, Kamau akiwa mmoja wao, akitukana kwa lugha zote anazozijua.

Hapo ndipo Kamau anapomalizia hadithi yake. Kwenye mazishi alipofika hapo watu walipiga makofi.

Lakini juu ya kilima Fundi Ouma alianza kutuhesabu, akigusa kila kichwa, na alipomaliza alianza tena. Mama Kiprono alikuwa amefika na mwiko mkononi. Alitazama watu wote, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Wangu yuko wapi?" aliuliza.

Kamau alisema, "Alikuwa mbele yetu. Mbele sana. Alishuka akapita kwa mchanga, chini ya ukingo, ndio afupishe."

Nilielewa mara moja, kabla ya wengine. Alikuwa ameniahidi. Kule chini ya ukingo hangeweza kuniona nikihama, na maji yenyewe yalikuwa yakinguruma. Alikimbilia mahali nduru ilipoanzia. Nilitazama. Kichuguu hakikuwepo. Palikuwa na maji tu, mapana kama ziwa, na ile paipu yetu ndefu ilikuwa imeinuliwa na ilikuwa inaondoka taratibu, ikijikunja. Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka, na safari hii haikuwa aibu yangu. Sauti ilikuwa imekwisha.

Wanaume walitembea ukingoni mwa maji wakiita mpaka giza likaingia. Tulilala kanisani, kama kukaa kwenye viti vya mbao ni kulala. Mama Kiprono alichemsha chai kwenye sufuria kubwa ya kanisa na kumpa kila mtu, hata mimi, na alipoona siwezi kumeza aliniongezea maziwa ili ipoe. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Wanawake wawili nyuma yetu walikuwa wananong'ona, wakidhani tumelala. "Alifuata huyu," mmoja alisema. "Ungetaka asifuate?" alisema wa pili. "Akisikia nduru akae?" Mama Kiprono alikuwa amesikia pia, kwa sababu mkono wake ulikuja ukashika wangu chini ya blanketi, ukaufinya, na ukakaa hivyo. Ulikuwa mkavu na wa moto. Niliogopa kuufinya pia, asije akadhani ninaagana na kijana wake. Usiku mzima nilikuwa na wazo moja linalozunguka: kwamba kitu cha mwisho alichosikia Kiprono duniani kilikuwa mimi.

Kulipokucha maji yalikuwa yameanza kupungua na tambarare ilikuwa inang'aa. Tulisimama nje ya kanisa, pale ambapo simu hushika, kwa sababu wengine walitaka kupiga nyumbani. Kabambe ya Mama Kiprono, simu yake ndogo ya vibonyezo, ililia. Namba hakuijua. Aliiweka sikioni, akasikiliza, na akaketi kwenye nyasi zenye umande. Hakulia. Alisema tu, "Weri, kijana wangu. Weri. Uko wapi?" Fundi Ouma alichukua simu akaiweka sauti kubwa, tukasikia wote.

Kiprono alikuwa ng'ambo, mbali sana chini, kwenye duka la mtu. Alikuwa anaongea haraka kama mwenye homa. Alisema alishika ile paipu, paipu inaelea, ikamtupa upande ule. Alisema mguu mmoja haukanyagi. "Lakini si hiyo," alisema. "Mtu awapigie watu wa Chebunyo waangalie kwa daraja. Mimi nimetembea ukingo usiku wote nikichechemea, kila mahali kuna miti imekwama nimeangalia. Niliona leso yake kwa maji nikaruka, lakini ilikuwa leso peke yake. Sijampata. Fundi, aki nimetafuta. Sijampata."

"Nani?" Fundi Ouma aliuliza, ingawa alijua.

"Chebet. Alinyamaza kabla sijafika."

"Chebet ako hapa."

"Msinidanganye. Mama ndiye amewaambia mseme hivyo?"

"Ako hapa, bwana! Amesimama mbele yangu!" Kamau alipiga kelele. "Yuko mzima kama mbuzi!"

"Basi mpeni simu aongee."

Fundi Ouma alinipa simu. Niliishika kwa mikono miwili. Watu wote waliniangalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwaogopa. Niliogopa kimya kilichokuwa ndani ya simu, na yule mtu upande wa pili akikisikiliza. Nilivuta hewa. Nilisema jina lake kwa nguvu zangu zote. Hata mnong'ono haukutoka, ilitoka hewa tu.

"Mnaona?" alisema Kiprono. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mnaona sasa?"

Mama Kiprono, akiwa bado ameketi, aliinua kichwa. "Weri, sauti yake imeisha," alisema. "Ameimaliza kwa sababu yenu."

Tulisikia mtu wa duka akimwambia akae chini, na jogoo wa huko ng'ambo akiwika. Kisha Kiprono akaongea taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto aliye gizani.

"Kama ni wewe, kohoa."

Nikakohoa. Kikohozi kiliuma, na kilitoka kibaya, kikavu, kama cha kondoo. Nikakohoa tena. Na upande wa pili wa mto, kwenye duka la mtu asiyemjua, Kiprono akaanza kulia kwa sauti kubwa bila kujificha, na hakuna mtu kwenye kilima kile aliyekata simu mpaka alipomaliza.